Jua Juu ya Paa la Ghala: Hotuba ya Halmashauri katika Sherehe ya Miaka Kumi ya Chama Kikuu



Waliotutangulia wamekwisha kuisifu miaka kumi iliyopita, nasi hatutayarudia yao. Twataka kusema habari ya jua.

Kila msimu twanunua petroli ya toyo zinazosomba pamba kutoka vyama vya msingi hadi ghalani, na gharama hiyo mwishowe humwangukia mkulima. Lakini msimu wetu huja kiangazi, wakati mawingu ni haba. Paa la ghala hushinda likiota jua lile lile ambalo lingeweza kuvuta mzigo.

Wenzetu wamekwisha kujaribu. Huko Zimbabwe, wilayani Wedza, tangu mwaka 2019 wanawake wakulima wametumia pikipiki za umeme za magurudumu matatu, ziitwazo Hamba, kupelekea mazao sokoni. Betri ikiisha nguvu hupelekwa kwenye kituo cha sola, ikaachwa hapo, na mwenye chombo akachukua nyingine iliyojaa. Hangoji.

Sasa tuhesabu. Sola za kilowati 12, siku ya jua jema, zaweza kutoa yapata yuniti 50, yuniti zile zile tuzinunuazo kwa LUKU. Zikiondolewa zinazopotea katika kuchaji, hubaki kama 40. Betri ya toyo ikila yuniti 4, basi ni betri 10 kwa siku. Si nyingi. Mtu akiwaahidi kwamba kituo kimoja kitatosha kata nzima, mwulizeni hesabu yake. Na masika zitapungua zaidi.

Sola hudumu miaka 20 na kuzidi, mradi zifutwe vumbi. Betri haifiki umri huo, na joto la banda la bati huizeesha mapema. Kwa hiyo twataka betri ziwe mali ya Chama, si za dereva, na katika kila malipo litengwe fungu la kununulia mpya. Mweka Hazina aliona fungu hilo ni kubwa mno. Sisi bado twaliona dogo.

Lakini jambo lililotukesha ni mita. Wazee wetu wa Kanda ya Ziwa, walioanzisha vyama vya pamba hata wakaviunganisha katika shirikisho mwaka 1955, walisukumwa sana na mizani ya mnunuzi ambayo hawakuiamini. Pamba angalau huonekana. Yuniti haionekani wala haishikiki. Dereva akirudisha betri yenye nusu ya nguvu, alipe kiasi gani? Akipewa isiyojaa, atajuaje? Tuliletewa mkataba ambao mita ingefungiwa chumbani na ufunguo kukaa kwa kampuni. Tuliurudisha. Mita itakaa dirishani, isomwe na dereva mwenyewe kabla hajatoa fedha, naye alipe kwa yuniti alizotumia.

Hoja ya kutenga sehemu ya ziada ya msimu huu italetwa mbele ya Mkutano Mkuu. Ikikubaliwa, malipo ya pili yatapungua kwa msimu mmoja. Hatukutaka mwanachama yeyote alisikie hilo kwa mara ya kwanza siku ya kupiga kura.