Kabla Kijana Hajaenda Kwenye Theluji



Hapa Kisii na Nyamira nyumba nyingi zina mtoto Marekani, na wengi wako Minnesota. Tukifanya harambee ya tiketi tunazungumza viza na karo. Baridi hatuitaji, tunadhani ni ile ya Nyansiongo asubuhi. Sivyo, jamani. Kule Januari inaweza kupita nyuzi 20 chini ya sifuri, na Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni.

Theluji ya kwanza ni furaha, kila mtu anataka picha ya kutuma nyumbani. Lakini kwenye picha hatuoni vidole. Vikifa ganzi na kubadilika rangi, visisuguliwe wala kuoteshwa moto, maana havisikii vikiungua. Viwekwe katika maji ya uvuguvugu, na daktari aonwe.

Giza lile nalo huvunja wengine moyo. Basi akipiga simu tusianze na pesa ya mbolea. Tumuulize kama amekula, kama ana koti la maana. La kununua Kisii mjini halitoshi. Anunue kule kule, hata kwao mitumba ipo.