Mpangaji Anapotoboa Ukuta

Seva moja kubwa hubeba kompyuta pepe nyingi, kila moja na mteja wake. Ni kama nyumba ya wapangaji: paa ni moja, lakini kila chumba kina kufuli lake. Biashara nzima ya kukodisha seva imesimama juu ya imani kwamba mpangaji hawezi kutoboa ukuta akaingia kwa jirani.

Anaweza.

Mei 2015, mtafiti Jason Geffner wa kampuni ya CrowdStrike alitangaza dosari iliyoitwa VENOM. Ilikuwa ndani ya QEMU, programu inayoigiza vifaa vya kompyuta, katika sehemu ya kuendeshea diski za flopi. Flopi zilikuwa zimekwisha kuachwa na karibu kila mtu, ila msimbo wake ulibaki humo tangu 2004, mlango wa uani usiokaguliwa. Mwenye mamlaka ndani ya kompyuta pepe aliweza kuijaza sehemu hiyo data kupita kiasi, akaiangusha seva mwenyeji au hata kuitawala.

Ndiyo maana kazi ya kujaribu kuzivunja kuta hizi inastahili kulipwa vizuri. Mwaka 2017, kwenye shindano la udukuzi la Pwn2Own mjini Vancouver, timu ya kampuni ya Qihoo 360 ilianzia kwenye kivinjari ndani ya VMware Workstation, programu ya kuendeshea kompyuta pepe, ikatokea kwenye kompyuta mwenyeji, na kuzawadiwa dola 105,000. Mwaka 2024 Google ilianzisha mpango wa zawadi uitwao kvmCTF, ikiahidi dola 250,000 kwa atakayetoka kabisa kwenye kompyuta pepe na kuingia kwa mwenyeji.

Benki, hospitali na ofisi za umma zinazokodi seva zimuulize mtoa huduma wao: kuta hizi zimejaribiwa lini, na nani?