Mama wa Kaini



Wapendwa wasikilizaji, nanyi makatekista mnaowakusanya waamini katika vigango siku hii ya Bwana, habari ya Kaini na Abeli, iliyo katika sura ya nne ya kitabu cha Mwanzo, tumeisikia mara nyingi. Kila tuisikiapo huwatazama watu wawili tu: yule aliyeua na yule aliyeuawa. Leo tumtazame mtu wa tatu, ambaye Maandiko Matakatifu hayakutuandikia hata neno moja alilosema siku ile. Huyo ni Eva, mama yao. Siku ile alipoteza watoto wawili: mmoja alilala katika damu yake kondeni, na mwingine akafukuzwa kwa sababu ya damu hiyo. Kumlilia Abeli kulikuwa haki yake. Je, kumlilia Kaini nani angemruhusu?

Swali hili si geni kwetu tunaoishi Nyangoto na vijiji vya jirani, wala kwa ndugu zetu walio ng'ambo ya mto Mara, upande wa Serengeti. Tumewahi kuzika watu waliouawa katika ugomvi wa ng'ombe, wa mipaka ya mashamba na wa koo. Msiba wa aliyeuawa tunaujua: watu hujaa, vyungu huinjikwa, wanakwaya huimba, Jumuiya Ndogondogo hukesha. Lakini katika mji wa yule aliyeua hakuna anayekwenda. Mama hukaa ndani, mlango umefungwa. Watoto huacha kwenda shule kwa kuwa njiani huitwa watoto wa muuaji. Mke huogopa kwenda kisimani. Huo nao ni msiba, ila ni msiba usio na matanga.

Yatupasa kufahamu mzigo wanaoubeba watu hao. Kwanza ni aibu. Pili ni swali lisilolala: Je, tulikosea wapi katika malezi? Tatu, tena ndilo zito kuliko yote, ni upendo usiokufa. Kwa maana mama hawezi kuliamuru tumbo lake lisahau kwamba lilimzaa mtu huyo.

Tuchukue mfano kutoka nchi jirani ya Kenya. Tarehe 2 Aprili 2015, siku ya Alhamisi Kuu, watu wanne wenye silaha walikivamia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wakiwa wanafunzi. Siku chache baadaye Serikali ya Kenya ilimtaja mmoja wa wauaji hao: Abdirahim Abdullahi, kijana aliyehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Baba yake alikuwa chifu huko Mandera, mtumishi wa Serikali ileile. Tena baba huyo alikuwa amekwisha kuwaarifu wakuu kwamba mwanawe ametoweka, na kwamba anahofia amevuka kwenda Somalia. Alisomesha, alitafuta, alitoa taarifa. Hata hivyo jina la nyumba yake likatangazwa pamoja na habari za maiti 148.

Ndugu wapendwa, tusiwe wepesi kusema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, tukaishia hapo. Methali hiyo ni ya kweli, nayo yatuonya sisi wazazi tusizembee. Lakini hakuiweka mtu wa hekima ili iwe rungu la kumpigia mzazi aliyekwisha kuanguka. Mungu mwenyewe alizungumza na Kaini kabla ya tendo lile, akamwonya kwamba dhambi inamvizia mlangoni. Na Kaini, akiwa amemsikia Mungu kwa masikio yake, akaenda akaua. Ikiwa onyo la Mungu lilikataliwa, tutashangaaje onyo la baba likikataliwa?

Maandiko yanatufundisha pia njia ya haki. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 14, tunasoma habari za mfalme Amasia, ambaye baba yake aliuawa na watumishi wake. Ufalme ulipokuwa imara mkononi mwake aliwaadhibu wauaji wale, lakini watoto wao hakuwagusa, kwa kuwa Torati ya Musa inakataza mtoto kufa kwa ajili ya dhambi ya baba, au baba kwa ajili ya dhambi ya mtoto. Sheria ya nchi yetu nayo humshitaki mtu kwa tendo lake mwenyewe. Basi tunaposema, "Ukoo fulani umetuua," hali aliyeua ni mtu mmoja mwenye jina lake, tunakuwa tumepanda mbegu ya kifo kingine. Kijana asiyejua lolote huviziwa njiani akitoka sokoni, nyumba ya bibi kizee huchomwa moto, na maiti ya pili huiita ya tatu.

Je, ndugu wa aliyeua wafanye nini? Kwanza, wasimfiche. Anayemficha muuaji huacha kuwa mfiwa, naye huwa mshiriki. Wasinunue mashahidi, wala wasiseme kwamba marehemu aliyataka mwenyewe. Ukweli huuma, lakini ndio msingi pekee ambao nyumba yao itasimama juu yake tena. Pili, wawaendee waliofiwa, si kwa haraka wala kwa kujitetea, bali kwa kuwatanguliza wazee au padre, nao wakubali hata kufukuzwa mara ya kwanza. Msamaha ni zawadi, haudaiwi kama deni. Tatu, wasimtupe mtu wao. Tangu mwaka 1994 hukumu ya kifo haijatekelezwa nchini Tanzania, lakini mahakama zimeendelea kuitoa. Hivyo wapo akina mama ambao wana wao huishi miaka mingi gerezani chini ya hukumu hiyo, wasijue wawahesabu kuwa hai au wafu. Mama anayekwenda gerezani kumtazama mwanawe hatetei uovu. Anamtendea mfungwa lile ambalo Bwana alisema atalihesabu kuwa ametendewa Yeye.

Nasi majirani tufanye nini? Tarehe 2 Oktoba 2006, huko Pennsylvania, Marekani, mtu mmoja aliingia katika shule ndogo ya Wakristo waitwao Waamishi, akawapiga risasi wasichana kumi. Watano wakafa, naye akajiua. Siku ileile Waamishi walikwenda kwa jamaa za muuaji kuwafariji, na siku ya maziko yake wengi wao walisimama kando ya kaburi lake. Mama wa muuaji naye, kwa miaka iliyofuata, alikuwa akienda kumhudumia mmoja wa mabinti waliojeruhiwa vibaya, akimwogesha na kumsomea vitabu. Mabinti watano hawakurudi, na machozi hayakukauka. Lakini kisasi hakikupata mahali pa kukaa.

Makatekista wapendwa, kazi hii yaanzia kwenu. Mtoto wa mfungwa asikose nafasi katika mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Jina la nyumba ile lisirukwe zamu ya sala ya Jumuiya inapofika. Kwa waliofiwa twende kwanza, tena twende mara nyingi zaidi, maana jeraha lao ni la kwanza. Lakini tukitoka kwao, tusipite mlango ule uliofungwa kana kwamba ndani hamna mtu.

Mungu alimwadhibu Kaini, na papo hapo akamtia alama ili mtu yeyote asimwue. Haki na huruma zilitoka katika kinywa kimoja. Baadaye Eva akamzaa Sethi, na maisha ya wanadamu yakaendelea. Tuwaombee mama wote wa Abeli na mama wote wa Kaini, hasa wale wanaoteka maji katika kisima kimoja, ili siku moja waweze kutwishana mitungi.

Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.