MOYO NA VILANGO VYAKE



Jioni hii tunapenda kunena nanyi habari za moyo; wala si ule moyo wa washairi, unaopenda na kuchukia, unaokufa na kufufuka. Lugha yetu imeutwika moyo kazi nyingi zisizo zake. Twasema fulani ana moyo mgumu, fulani amevunjika moyo, mtoto amehifadhi sura yake kwa moyo. Nazo kazi hizo zote hufanywa na ubongo kichwani. Moyo tutakaousema ni ule wa nyama, uliomo kifuani kati ya mapafu mawili, ncha yake ikielekea kushoto, ambao ukubwa wake hukaribia ngumi ya mwenyewe. Kazi yake ni moja tu: ni bomba la kusukumia damu.

Kila mmoja wenu na aweke vidole viwili penye kifundo cha mkono wake, upande wa kidole gumba, atulie kidogo. Ataona mshipa unadunda. Mtu mzima aliyepumzika hupata mapigo kama 70 kwa dakika, wengine 60, wengine 90, na mtoto mdogo hupita hapo. Katika kila pigo moyo hutoa damu kiasi cha finjani moja ya kahawa. Jambo hilo laonekana dogo. Lakini finjani 70 kwa dakika ni lita 5 hivi, na lita 5 ndiyo damu yote iliyomo mwilini mwa mtu mzima; basi damu yote huuzunguka mwili na kurudi moyoni katika muda wa dakika moja. Tukihesabu mchana na usiku twapata lita 7,200, yaani madebe 400. Hakuna mchukuzi wa maji awezaye kufanya kazi hiyo siku moja, na moyo huifanya kila siku pasipo kulala, tangu mtoto angali tumboni mwa mamaye.

Hesabu ya namna hiyo ndiyo iliyowafungua watu macho. Kwa muda wa miaka zaidi ya elfu madaktari walifuata mafundisho ya Galen, mganga wa Kiyunani, aliyesema ya kuwa damu hutengenezwa katika ini, kisha huenda mwilini ikamalizikia huko kama maji yamwagwayo shambani; na tena ya kuwa damu hupenya kutoka upande wa kuume wa moyo hata upande wa kushoto katika matundu yasiyoonekana. Wa kwanza tumjuaye aliyeyakanusha matundu hayo ni Ibn al-Nafis, tabibu aliyezaliwa nchi ya Sham akafanya kazi Misri, akafa Cairo mwaka 1288. Yeye aliandika ya kuwa ukuta ule ni mzito wala hauna tundu, na kwamba damu haina njia ila kupita mapafuni, ichanganyike na hewa, ndipo irudi upande wa kushoto. Maandiko yake yalisahauliwa hata mwaka 1924, daktari mmoja wa Misri aliyekuwa akisoma Ujerumani alipoyavumbua.

Naye William Harvey, Mwingereza, alitoa kitabu chake mwaka 1628. Alipiga hesabu, akaona ya kuwa katika nusu saa moyo hutoa damu nyingi kuliko ile iwezayo kuwamo mwilini. Basi haiwezekani iwe ni damu mpya kila mara, haina budi kuwa ni ile ile yarudi. Tena alifunga mkono wa mtu kwa kitambaa, akaonyesha jinsi mishipa inavyofura chini ya kifungo, na jinsi damu isivyokubali kusukumwa kinyume kwa kidole, kwa sababu mishipa irudishayo damu ina vilango vidogo ndani yake. Njia ya damu ipitayo kutoka mishipa iendayo kuingia mishipa irudiyo yeye hakuiona kwa macho. Aliyeiona ni Malpighi, Mwitalia, mwaka 1661, alipotazama pafu la chura kwa kioo cha kukuzia akakuta vishipa vyembamba kuliko unywele.

Sasa na tuufungue moyo wenyewe. Ndani yake mna vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Upande wa kuume hupokea damu iliyochoka, rangi yake nyekundu iliyoiva, hupeleka mapafuni. Upande wa kushoto hupokea damu iliyokwisha kupata hewa safi, hupeleka mwili mzima. Kwa hiyo chumba cha chini cha kushoto kina ukuta mnene kupita vingine, maana kazi yake ni kufikisha damu mpaka utosini na vidole vya miguu. Mishipa ya kwanza kupata damu hiyo ni miwili midogo iulishayo moyo wenyewe. Mshipa huo mmoja ukiziba, nyama ya moyo iliyokuwa ikilishwa nao hufa katika muda wa saa chache, na mtu hupatwa na maumivu makali ya kifua. Ugonjwa huo hufuatana sana na tumbaku, sukari ya damu na damu kupanda, nao wataka maelezo yake peke yake.

Jambo tulilokusudia jioni hii ni vilango. Bomba lolote halina faida kama halina kilango cha kuzuia maji yasirudi yalikotoka. Moyo unavyo vinne: viwili kati ya vyumba vya juu na vya chini, na viwili mahali damu itokapo. Si vya mfupa wala si vya nyama nene. Ni ngozi nyembamba, laini, inayokaribia kupenya nuru. Kile cha upande wa kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini, kimefanywa kama mlango wa mbao mbili, na kila ubao umeshikwa kwa nyuzi ngumu ili usipinduke kwa nguvu ya damu. Sauti mbili azisikiazo daktari awekapo chombo chake kifuani, dum-tak, dum-tak, ni sauti za vilango vikifungwa. Kilango kisichofungika sawasawa huachia damu irudi nyuma, na daktari husikia mvumo kama wa upepo mwembamba kati ya sauti hizo.

Ni kitu gani kiharibucho vilango vya mtoto aliyezaliwa mzima? Pengine wasikilizaji wetu watashangaa tukisema ya kwamba mara nyingi huanzia kooni.

Wako vijidudu viitwavyo streptokoki. Wakiingia kooni mwa mtoto, hasa mwenye miaka kati ya 5 na 15, humletea mafindofindo: koo huuma ghafula, homa hupanda, tezi za chini ya taya hufura, na kumeza ni taabu. Baada ya siku nne au tano mtoto hupona, hurudi mchezoni, na watu wa nyumbani husahau. Lakini mwili wake haukusahau. Umekwisha kutengeneza silaha za kupigana na vijidudu wale. Na kwa kuwa vijidudu hao wanafanana katika sehemu zao fulani na nyama ya mwili wetu, kwa watoto wengine silaha hizo hukosea adui, hugeukia viungo na moyo. Hutokea baada ya wiki mbili au tatu. Goti hufura na kuuma, kesho kutwa goti limepona, maumivu yamehamia kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Wengine mikono na uso huwatukutika pasipo wao kutaka, hata asiyejua aweza kudhani mtoto anafanya mzaha au amepagawa. Ugonjwa huu huitwa homa ya baridi yabisi, jina ambalo kwa maoni yetu limewapoteza wengi, maana watu hudhani ni baridi tu, au ni ile baridi yabisi ya wazee, wakamkanda mtoto kwa mafuta na kungojea.

Nayo maumivu ya viungo huondoka yenyewe, wala hayaachi kilema. Hapo ndipo penye hila ya ugonjwa huu. Vile vilango vyembamba vilivyopata joto la ugonjwa hufanya kovu. Na kila mara mafindofindo yarudipo, kovu huongezeka juu ya kovu, kilango hunenepa, hukakamaa, kingo zake hushikana. Mlango wa mbao mbili huwa tundu dogo lisilofunguka vema wala kufungika vema. Moyo huvumilia. Hujitanua, huongeza nguvu, na kijana aweza kupita miaka 10 au 20 asijue ana ugonjwa.

Aghalabu kwa wanawake siri hii hufichuka wakati wa mimba. Mwanamke mwenye mimba huongezewa damu mwilini, karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, na moyo wake hupiga upesi zaidi. Kilango kilichobana hakiwezi kupitisha wingi huo. Damu hurundikana nyuma yake, mapafuni, na maji huanza kuingia mahali pa hewa. Mama hashiki pumzi akipanda kilima kidogo. Kisha hashiki pumzi akitembea uani. Kisha hawezi kulala chali, yuataka mito mitatu, na usiku hukohoa. Nyumbani husema ni mimba inamlemea, na pengine ni kweli, kwa kuwa kuchoka na miguu kufura ni mambo ya kawaida ya mimba. Lakini kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi si kawaida, na mama wa namna hiyo hana budi kupelekwa hospitali siku ile ile.

Zamani ugonjwa huu ulikuwa mwingi Ulaya na Marekani, ukaua watoto wengi wa shule. Huko ulianza kupungua hata kabla ya penisilini, watu walipopata nyumba zenye nafasi, maana vijidudu vya kooni hupenda chumba kimoja cha watoto saba. Penisilini, iliyovumbuliwa na Alexander Fleming huko London mwaka 1928, ilimalizia kazi hiyo. Kwetu Afrika ya Mashariki ugonjwa ungalipo. Tanzania ina Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete mjini Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 2015, na ya kutengeneza moyo yafanyika huko. Hapo kabla wagonjwa wengi walipelekwa India. Lakini kilango cha chuma kikishatiwa, mgonjwa hunywa dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote, na damu yake hupimwa mara kwa mara. Kwa mtu akaaye mbali na hospitali kubwa, hilo ni deni la kila mwezi.

Njia iliyo nafuu ni kuuzuia ugonjwa pale kooni. Si kila koo liumalo lina streptokoki. Mtoto mwenye mafua, macho mekundu na kikohozi, aghalabu ana ugonjwa mwingine ambao penisilini haiuwezi wala hauhitaji. Yule ambaye koo limemuuma ghafula, ana homa na tezi, wala hana mafua, apelekwe zahanati. Dawa ikianzwa kabla ya siku tisa kupita tangu koo kuuma, homa ya baridi yabisi huzuilika. Vidonge hunywewa siku 10 kamili, ingawa mtoto amepona siku ya tatu, au hupigwa sindano moja ya penisilini ile ikaayo mwilini siku nyingi. Wako wazee wampelekao mtoto kwa mkata kimeo. Kimeo hakina hatia. Kukikata hakuui kijidudu hata kimoja, na watoto wengine wametokwa na damu nyingi sana kwa kisu hicho.

Na mtoto aliyekwisha kupatwa afanyweje? Yeye hupigwa sindano hiyo kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, ili mafindofindo yasirudi kuongeza kovu. Faida yake ilipimwa Gulu, kaskazini ya Uganda, kwa watoto 818 ambao picha ya mawimbi ya sauti ilionyesha kwamba vilango vyao vimeanza kuharibika, ilhali wenyewe hawajisikii ugonjwa. Nusu yao walipata sindano kila wiki nne, nusu hawakupata. Habari zake zilitolewa mwaka 2021: baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa watoto 33 miongoni mwa wasiopata sindano, na kwa watoto 3 tu miongoni mwa waliopata.

Shida ya sindano hizi twaijua. Dawa yenyewe ni nzito na huuma sana, mtoto hulia tangu njiani. Mzazi naye humtazama akicheza mpira, mzima kabisa, akajiuliza kwa nini amtese, tena nauli ni ghali. Mwezi mmoja hurukwa, kisha miwili. Kovu la moyo halina maumivu ya kumkumbusha mtu tarehe. Basi tarehe iandikwe ukutani au mlangoni, na mwenye safari ya mbali aombe barua ya kuonyesha katika zahanati ya huko aendako. Kuhusu maumivu, yako mahali ambapo madaktari huichanganya penisilini na dawa kidogo ya ganzi, na mtoto huvumilia vizuri zaidi. Mzazi asione haya kuuliza. Na kama mtoto amewahi kufura uso au kuwashwa mwili mzima baada ya penisilini, hilo lisemwe kabla ya sindano kupigwa, maana iko dawa nyingine ya vidonge apewayo mtu wa namna hiyo.