Kifaa cha Halali, Mtambo wa Halali



Tumekuja kuzungumza juu ya kazi tunayoiheshimu: vijana wanaojiundia mitambo ya kuvuta maji kwa injini za pikipiki zilizochakaa. Silinda yatoka Kampala, kabureta yatoka ng'ambo, pistoni na ringi zatafutwa dukani. Hakuna kosa katika hayo. Shida huanza pale kifaa kinapokosa asili.

Kiangazi kilichopita tulilazimika kuuchukua mtambo wa fundi mmoja kijana, uliokuwa ukinywesha bustani za majirani zake. Kasha la injini lilikuwa limekwanguliwa nambari kwa tupa. Muuzaji alikwisha kutoweka, na stakabadhi haikuwapo. Mboga zilikauka. Naye mwenye pikipiki iliyoibwa alikuwa baba wa familia, ng'ambo ya mpaka, aliyeishi kwa bodaboda. Siku ile walihuzunika watu wawili, na mwizi hakuwa mmoja wao.

Asidanganyike mtu kwamba tupa hufuta yote. Nambari igongwapo, chuma hubanwa hata chini ya alama. Mtaalamu akipaka tindikali ifaayo, mara nyingi nambari husomeka tena.

Basi, kabla ya kulipa, isomeni nambari ya injini na kuilinganisha na kadi ya pikipiki ilikotolewa. Daini stakabadhi yenye jina la muuzaji, tarehe na nambari hiyo. Mkinunua kwa mtu binafsi, awepo shahidi, ikiwezekana mwenyekiti wa kijiji. Bei ya kutupa iwatie shaka.

Mvukapo mpaka, pitieni forodha, si njia za panya. Utaratibu Rahisi wa Biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huwafaa wenye bidhaa zisizozidi dola 2,000 za Marekani, lakini zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Injini iliyotoka Japani au India hufuata utaratibu wa kawaida wa ushuru.

Aliye na kifaa cha shaka afike kituoni mwenyewe. Hatuwezi kumwahidi kwamba atabaki nacho. Lakini ajaye kwa hiari hujieleza kwa urahisi kuliko anayefuatwa.

Twataka mitambo yenu ingurume mashambani, si kuota kutu katika ghala la vielelezo.