Tata Raphaël na Kiwanja cha Vijana

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wakristu na wageni, mangaribi ya sikukuu ya Yubile)



Tumeombwa kusema juu ya kiwanja cha mupira kilicho nyuma ya kanisa letu. Wengine kati yetu wanataka zijengwe hapo nyumba za kupangisha, ili parokia ipate feza. Nao wana sababu, kwa maana mabati ya kanisa yanavuja. Kabla ya kukata shauri, tunaomba mukumbuke kazi ya padri mumoja.

Raphaël de la Kethulle alizaliwa Ubelgiji mwaka 1890. Alifika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, mwaka 1917, akiwa mumisionari wa shirika la Scheut, akafanya kazi ya masomo. Muji ule ulikuwa ukijaa vijana waliotoka vijiji vya mbali, wa makabila mengi, na masomo peke yake hayakutosha kuwakusanya. Mwaka 1919 alianzisha chama cha michezo. Timu ya Daring, inayoitwa leo Motema Pembe, ilitoka mikononi mwake mwaka 1936. Uwanja wa Malkia Astrid ulifunguliwa mwaka 1937. Na mwaka 1952 ukafuata ule wa Mufalme Baudouin, uliopokea makumi ya maelfu ya watu. Nao wakamwita Tata, maana yake Baba.

Lakini tusimufanye mutakatifu mbele ya wakati. Serikali ya kikoloni ilipenda michezo ile kwa kuwa iliwaweka vijana chini ya macho yake, na Weusi hawakuchezea mashindano mamoja na Wazungu. Walakini katika timu zile kijana alizoea kumufuata kapiteni aliye Mweusi kama yeye, na kusimama bega kwa bega na mutu wa kabila lingine.

Tata Raphaël alifariki mwaka 1956 kwao Ubelgiji. Maiti yake ikarudishwa Kinshasa. Tarehe 4 Januari 1959, watu waliotoka kutazama mupira katika uwanja wa Baudouin walijiunga na umati wa ABAKO uliokatazwa mukutano, na mambo ya siku ile yalisukuma mbele Uhuru wa 1960. Padri hakuupanga uwanja kwa kusudi hilo! Ni palepale, tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alipomushinda George Foreman. Jina la mufalme liliondolewa. Wakongo wenyewe wakaweka la Tata Raphaël.

Wala tusiseme kwamba hayo ni ya Kinshasa tu. Mazembe ilianzishwa na Wabenedikto huko Élisabethville, ndiyo Lubumbashi, mwaka 1939, ikiitwa Saint-Georges. Mwaka 2010 ilifika fainali ya kombe la dunia la vilabu. Sisi tulio washabiki wa timu nyingine tunalikubali jambo hilo kwa taabu.

Turudi kwetu. Nyumba zitaleta feza kila mwezi, hatukatai. Lakini saa kumi, watoto wakitoka masomo, watakwenda wapi? Tunajua sote ni wapi, na pombe inauzwa huko. Tunaomba baraza la parokia litafute mabati kwa njia nyingine. Tena tunawaomba wazee wenye nyumba nyuma ya goli la kusini warudishe mipira inayoangukia kwao. Tumehesabu mitatu.