Kusoma Sheria Ulaya na Milango ya Kazi: Hotuba ya Karani wa Kamati ya Elimu katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Mimi si mwanasheria. Ni karani tu, niandikaye barua za Kamati ya Elimu na kuzipokea zinazokuja. Mwaka huu zimenifikia barua tatu za wazazi waombao msaada wa Chama ili watoto wao wakasome sheria Ulaya. Mmoja wao amekwisha kutafuta mnunuzi wa shamba lake. Kwa hiyo imenipasa kusema niliyoyajua kabla shamba hilo halijauzwa.

Hamu hii si ngeni. Wazee wanalijua jina la marehemu Bwana Argwings-Kodhek, Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa wakili, aliyepokelewa katika uwakili mjini London mwaka wa 1951, kisha akarudi kuwatetea watu wetu mahakamani wakati wa Hali ya Hatari. Siku zile mtu hakuwa na budi kuvuka bahari. Lakini chuo cha Dar es Salaam kilianza kufundisha sheria mwaka wa 1961, na cha Nairobi mwaka wa 1970. Basi swali letu leo si kama mtoto aweza kusoma, bali ni wapi aanzie.

Jambo la kwanza: shahada si ruhusa ya uwakili. Mwenye shahada ya ng'ambo arudipo Kenya, hana budi shahada yake ikubaliwe kwanza na Baraza la Elimu ya Sheria. Baadaye huingia Chuo cha Sheria cha Kenya, hufanya mitihani, na hukaa miezi sita chini ya wakili mzoefu. Mtoto wa dada yangu alirudi na shahada nzuri, akidhani atavaa joho upesi. Alikaa karibu miaka miwili akitafuta ada ambayo hakuna mtu aliyeiwekea akiba.

Jambo la pili: sheria za Ulaya si moja. Sheria ya Uingereza, ambayo ndiyo mama wa sheria yetu, hutegemea sana hukumu za majaji waliotangulia. Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani hutegemea hasa vitabu vya kanuni zilizotungwa. Asomaye Paris hujifunza njia tofauti na ile itumikayo Nairobi. Lakini asidharauliwe. Nchi 17 za Afrika, nyingi zikiwa za Kifaransa, zimeunganisha sheria zao za biashara chini ya mkataba wa mwaka wa 1993, na Kongo ya Kinshasa iliingia humo mwaka wa 2012. Kongo hiyo hiyo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022. Mfanyabiashara wa Kenya apelekaye mali kule atahitaji wakili awezaye kuusoma mkataba wa Kifaransa. Hapo pana kazi ya kweli.

Jambo la tatu: milango ya mataifa. Katika mahakama za Umoja wa Ulaya, kazi za kudumu kwa kawaida hutakiwa raia wa nchi za Umoja huo. Shahada peke yake haitoshi. Uingereza nayo, tangu mwaka wa 2021, imefungua mtihani wake wa mawakili hata kwa mwenye shahada ya Nairobi, ingawa ada yake ni kubwa. Na katika Mahakama ya Kimataifa iliyoko The Hague wapo majaji 15. Bibi Julia Sebutinde wa Uganda aliingia humo mwaka wa 2012. Shahada yake ya kwanza aliipata Makerere mwaka wa 1977, na ya pili Edinburgh mwaka wa 1990. Alianzia nyumbani, akafanya kazi, kisha Ulaya ikamwongezea.

Kwa hiyo nashauri Chama kimsaidie mtoto kupata shahada ya kwanza hapa hapa. Akiisha kufanya kazi, na aombe msaada wa masomo ya mwaka mmoja, kama ule wa Chevening utolewao na serikali ya Uingereza, ambao humtaka arudi kwao kwa miaka miwili. Na kila aombaye fedha zetu ajibu kwa maandishi: Utasoma sheria ya namna gani? Kwa lugha gani? Nani atakupa ruhusa ya kuifanyia kazi, na kwa gharama gani?

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Simzuii mtoto asisafiri. Naomba tu kwamba siku atakayorudi alikute shamba la baba yake lingali la baba yake.